Mashina ya Gwatemala

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Dada Rukia, shikamoo.

Siku unaondoka uliniambia ukiwa mlangoni pa basi, "Husna, usiniandikie barua za sisi huku hatujambo. Niandikie kila kitu." Nimechelewa mwaka mzima, lakini leo naanza, na nitaandika kila kitu, hata yale ambayo Mama atasema hayaandikwi. Msimu ukiisha nitampa mtu anayeshuka Muheza akuletee daftari.

Hali ni hii. Vuli ya mwaka jana haikunyesha. Masika yalikuja kidogo yakaondoka. Chemchemi bado inatoa maji, ila unene wake ni wa kidole. Baba amepanda kabichi kitivoni, kwa hiyo ukisimama mlangoni, kile kipande chetu cha bondeni ndicho pekee chenye rangi ya kijani. Jana tukila alisema, bila kumtazama mtu, kwamba kitivo kisipotoa kabichi msimu huu, Januari sitaingia kidato cha pili. Mama akaendelea kupakua bada. Mimi nikaomba chumvi.

Jumatano, 3 Septemba

Hakuna mvua.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimekata majani ya ng'ombe. Huyu ng'ombe hujamwona. Tulimpata kwa ule mpango wa kukopa ng'ombe na kulipa ndama. Baba alimpa jina la Wizara, kwa sababu anakula kila siku na maziwa tunaahidiwa.

Haruhusiwi kutoka bandani. Kijiji kimekataza kuchunga ili kwato zisivunje mlima. Basi watu wote wanakata majani ya gwatemala kwenye kingo za makingamaji, na kwa ukame huu ng'ombe wa kijiji kizima wameyala mpaka kwenye mizizi. Kwetu bado yamesimama, kwa sababu Baba hataki yakatwe chini ya goti. Unakumbuka anavyosema, kwamba yale majani ndiyo yanayoushika mlima usishuke kitivoni. Hata wewe ulipoolewa ulibeba mashina kwenye kikapu, na kondakta akauliza kama Muheza hakuna majani. Ukamjibu, "Yapo, ila siyo ya kwetu."

Nilikata na Klara, jirani yangu wa dawati. Baba yake, Mzee Anselm, alitoka Njombe kuja kuchuma chai Mponde. Wafanyakazi walipopunguzwa akahamia huku, na sasa analima shamba la kukodi karibu na letu. Klara alitazama kingo zetu akasema, "Majani yenu yamenyolewa kwa mtindo. Ya kwetu yana kipara."

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna mvua. Vumbi kwenye kabichi. Tunaziosha moja moja kama watoto.

Jumatatu, 15 Septemba

Somo la Jiografia. Mwalimu Elinuru alichora bahari kubwa iliyo upande wa pili wa dunia, akasema maji yake yamepata joto kupita kawaida, na kwa ajili hiyo huku kwetu vuli huenda ikawa na mvua nyingi sana, na kule kusini mwa Afrika huenda kukawa na ukame. Klara akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo bahari inatujua?"

Darasa likacheka. Mwalimu Elinuru hakucheka. "Haitujui," alisema. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Akasema serikali za Afrika zimetia sahihi mkataba na nchi nyingine za dunia, na zinakutana mara kwa mara kuzungumzia hali ya hewa inayobadilika. Mtu akauliza wanapokutana wanafanya nini. Akasema wanakubaliana wakutane tena wapi. Halafu akaona aibu kidogo, akatuambia tusiandike hilo.

Mimi nimeliandika hapa tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Hakuna mvua. Nimemweleza Baba habari za bahari. Akasema mwaka jana pia redio ilinyesha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Nilikwenda na Mama, tukakaa upande wa wanawake.

Mwenyekiti Salimu alisimama na Bwana Shamba, yule kijana anaitwa Justin. Ulikuwa umeshaolewa alipohamia hapa. Anavaa viatu vilivyopakwa rangi hata akienda shambani, na mimi nilikuwa namwona mtu wa majivuno. Mwenyekiti akatangaza kwamba tarehe nane mwezi wa kumi na moja watakuja wageni kutoka nchi kumi na moja za Afrika. Wanatoka kwenye mkutano wa hali ya hewa, na wanataka kuona watu wa milimani wanavyoshika udongo. Watasimama barabarani, kwenye shamba la mfano la mradi wa hifadhi ya udongo.

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Shamba lipi? Lile la vumbi?"

Watu wakacheka, maana shamba la mfano ni tupu kabisa, na kila mtu anajua majani yake yalikwenda wapi. Yalikwenda kwa ng'ombe wetu.

Mwenyekiti akasema kila nyumba itatoa mashina ya gwatemala, yapandwe pale. Mwalimu Elinuru akasimama. Alisalimia wazee kwanza, halafu akasema, "Naomba tukate pingili, tupande pingili. Shina tuliache lilipo. Shina ndilo linaloshika mlima."

"Mwalimu, asante," alisema Mwenyekiti. "Hiyo pingili itakuwa kijani lini?"

"Miezi kadhaa, mvua ikiwapo."

"Wageni wanakuja mwezi ujao. Hatuwezi kuwaambia warudi mwakani majani yakikua."

Watu wakacheka tena, na Mwalimu akakaa.

Ndipo Bwana Shamba Justin akaja mpaka alipokaa Baba, akachuchumaa kwa adabu. "Shikamoo, Mzee Rashidi. Majani yako ndiyo pekee yaliyosimama kijijini. Bila ya kwako shamba halitaonekana."

Baba akamwacha angoje kidogo. "Kwa hiyo Afrika nzima inakuja kutazama majani ya Rashidi?"

"Ndiyo, mzee."

Dada, sijawahi kumwona Baba akitabasamu mkutanoni. Watu wakaanza kumpigia makofi. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumeng'oa. Shule nzima ilikuja kubeba, kama kazi za mikono. Baba aling'oa mwenyewe, na udongo wake, ili yasinyauke. Alianza kingo ya juu, akashuka mpaka ile ya mwisho iliyo juu ya banda la Wizara.

Mama alimwita, "Baba Rukia. Na mlima utashikwa na nini?"

"Pingili hizo hapo. Nimezikata zote nikaziweka kivulini. Tone la kwanza likidondoka, tunapanda."

"Na lisipodondoka?"

"Lisipodondoka, mlima utakuwa mkavu, hauna pa kwenda."

Nilibeba mizigo mpaka shingo ikakakamaa. Klara alinifuata nyuma akiimba kwamba majani yenye jina la Amerika yanakwenda kukutana na Afrika. Mwalimu Elinuru alishatuonyesha kwenye ramani kwamba Gwatemala ni nchi ya huko Amerika.

Jumapili, 12 Oktoba

Shamba la mfano limependeza. Mlima wetu unaonekana kama mtu aliyevuliwa nguo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hakuna mvua. Wizara analia njaa. Mama amempa fungu moja la pingili. Amesema moja tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nilipotoka shule nilimpa Wizara fungu jingine. Nilidhani ni mimi peke yangu na Mama. Jioni nilimwona Baba akitoka kivulini na mengine mkononi. Alipita karibu yangu akauliza kama nimemaliza hesabu za shule.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Imeanza adhuhuri, laini, bila upepo. Watu walitoka nje wakasimama tu. Mzee Anselm alivua kofia. Mama aliweka masufuria yote uani, hata lile lililotoboka.

Baba alichukua jembe akaenda kivulini kuchukua pingili. Alirudi bila kitu. Akaegemeza jembe ukutani, akasema, "Wizara kala mlima."

Tulicheka sote, Dada. Ilikuwa mvua ya kwanza.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua. Kabichi zimeanza kufunga vichwa. Baba ameomba pingili kijiji cha juu. Wamesema na wao walitoa mashina, na yaliyobaki ni ya ng'ombe wao.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Maji ya chemchemi yamekuwa mekundu.

Jumamosi, 8 Novemba

Wageni wamekuja. Magari matatu meupe, yamejaa tope mpaka vioo. Tulikuwa tumesimama barabarani tangu asubuhi kwa sare zilizofuliwa jana zikakataa kukauka. Mimi na Klara tulighani ngonjera. Yeye alikuwa Shoka na mimi nilikuwa Udongo. Klara alitisha vizuri sana, hata mgeni mmoja akarudi nyuma.

Mwenyekiti akaeleza. Mwalimu Elinuru akatafsiri. Wageni wakagusa majani, wakapiga picha. Baba alisimama pembeni amevaa kanzu ya Idi. Bwana Shamba akamtambulisha, na wageni wakampa mkono mmoja mmoja. Mmoja wao, mama wa Kihabeshi mwenye mvi, alikuwa amevaa mabuti ya mpira kama sisi. Alimshika Baba mkono kwa muda, akatazama kiganja chake kama anayekisoma.

Kisha yule mama akageuka akaangalia upande wa pili wa bonde. Mlima wetu unaonekana vizuri kutoka pale, na kitivo chini yake. Akauliza swali. Kiingereza chake nilikielewa chote. Aliuliza kwa nini kingo za mlima ule hazina majani.

Mwalimu akamtafsiria Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mwambie pale panapumzika."

Nilidhani Mwalimu Elinuru atasema ukweli. Bwana Shamba Justin alikuwa anamtazama, na uso wake haukuwa na majivuno yoyote. Ulikuwa uso wa mtu anayeomba. Juzi Klara alisema amesikia kwao kwamba mabwana shamba wanapunguzwa kazini, na atakayebaki ni yule mwenye kitu cha kuonyesha.

Mwalimu akatafsiri hivyo hivyo, kwamba pale panapumzika.

Yule mama aliendelea kutazama mlima. Mimi najua Kiingereza cha kutosha kusema sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Baba alikuwa amesimama na kanzu yake, na mkono wake ulioshikwa na wageni alikuwa bado ameuweka mbele kidogo, kama hajajua auweke wapi. Sikuisema.

Mvua ikaanza, wakakimbilia magari. Hata nusu saa hawakumaliza.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Kabichi ni nzuri. Baba anasema wiki mbili tu, na lori litafika kama barabara itakuwapo.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Juu ya banda la Wizara pana ufa kwenye ardhi. Mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko. Nilimwonyesha Baba. Aliujaza udongo na kuukanyaga. Leo umerudi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 21 Novemba

Nitaandika kila kitu kama nilivyoahidi.

Leo hatukwenda shule kwa sababu daraja la miti limechukuliwa na maji. Baba alikwenda msikitini kuswali Ijumaa. Mama alikuwa kitivoni anafungua mitaro maji yatoke. Mimi nilikuwa jikoni, nachambua maharage. Mama akapanda kuja nyumbani kwa sababu mpini wa jembe ulilegea na alitaka kipande cha gunia aukaze. Nilimpa gunia. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchana. Akaniambia nisiweke chumvi kabla maharage hayajaiva.

Halafu kuni zilizoegemezwa ukutani zikaanguka zenyewe. Mama aliinua uso. Ukaja mlio, si mkubwa, kama mtu anayemwaga viazi kutoka kwenye gunia bila kuacha. Tukatoka nje.

Mlima ulikuwa unatembea. Haukukimbia, Dada, watu watakuambia ulikimbia. Ulishuka kwa mwendo wa ng'ombe, umesimama wima, na migomba juu yake bado imesimama. Kingo ya juu ilikaa juu ya ya pili, ya pili juu ya ya tatu. Banda la Wizara liligeuka pole pole mpaka mlango wake ukatutazama sisi, na Wizara alikuwa mlangoni. Halafu lilikuwa halipo. Udongo ulifika kitivoni ukatandaa. Ulipita juu ya kabichi ukafika mtoni ukauziba mto, na mto ukatafuta njia nyingine.

Mama alikuwa bado ameshika gunia.

Baba alikuja na wanaume wa msikitini, wengine hawana viatu. Alimwangalia Mama, akaniangalia mimi, akahesabu kwa kidole, mmoja, wawili. Ndipo akageuka kuangalia kitivo. Ni chekundu chote. Huwezi kujua palikuwa na kitu.

Maharage yaliungua. Tulikula hivyo hivyo. Sikulia. Nilikaa nikisubiri nilie, nikaona nasubiri bure, nikaosha vyombo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua.

Jumapili, 23 Novemba

Watu wamekuja kutupa pole. Mama hajasema neno tangu juzi. Anajibu salamu, basi. Mama yake Klara, ambaye ni Mkristo na hajui dua zetu, alikaa naye siku nzima wakimenya viazi.

Jumanne, 25 Novemba

Mwenyekiti na Bwana Shamba wamekuja. Viatu vya Justin vilikuwa tope tupu. Alisimama mlangoni akashindwa kuingia.

"Pole sana, Mzee Rashidi."

"Tumeshapoa. Shamba la mfano liko salama?"

"Liko salama, mzee. Halijatoka hata tonge."

"Alhamdulillahi," alisema Baba.

Sikujua kama anamkejeli au anashukuru kweli. Nilimwangalia sana. Nadhani na yeye hakujua.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Redio inasema barabara zimekatika Kenya, watu wamekufa Somalia, na nchi za dunia zimekutana Japani kuzungumzia hewa. Baba aliizima ili asimalize betri.

Alhamisi, 11 Desemba

Mama amezungumza. Alisema, "Husna, funga hilo dirisha." Nilifunga.

Jumatatu, 15 Desemba

Bwana Shamba Justin amepunguzwa kazini. Alipita kutuaga na begi lake moja. Alimwambia Baba, "Mzee, nilikuwa na watoto wawili wa kulisha." Baba akamwambia, "Najua. Kaa ule." Akakaa, akala makande, akaenda zake. Mimi nilimwita mtu wa majivuno mwanzoni mwa daftari hili. Sitaufuta ule mstari, lakini nataka ujue siamini tena.

Jumamosi, 20 Desemba

Manyunyu tu. Baba ameshuka kitivoni na chepe. Alichimba shimo mpaka kiunoni, akalikuta tope jeusi la zamani, lile zuri. Alilinusa. Akapanda akakaa.

"Kinachimbika," alisema. "Mimi na Anselm na watoto, kinachimbika kabla ya masika. Lakini sikichimbi."

"Kwa nini, Baba?"

"Mlima uko uchi juu yake. Masika yakija utashuka tena, na safari hii mtu atakuwa ndani." Alipangusa mikono. "Nikipata gwatemala ya kushika ile kingo ya chini, nachimba kesho, na wewe unakwenda shule, karo tutajua huko mbele. Nisipoipata, nitakwenda kibarua mkongeni, na wewe utakaa na mama yako."

Jumatatu, 22 Desemba

Baba amekwenda kwa Mwenyekiti kuomba pingili kutoka shamba la mfano. Nilikwenda naye. Mwenyekiti alitupa viti. Alisema anaona aibu kutujibu, lakini yale majani sasa ni mali ya mradi, yamepigwa picha, na mwezi wa tatu wanakuja wageni wengine. Ameweka mlinzi. Mlinzi ni Mzee Tobia, ambaye na yeye alitoa mashina yake.

Njiani tulimweleza Mama, aliyekuwa akitungoja kwenye njia panda, naye akasema polepole, "Tobia anasinzia."

Baba akasimama. "Mama Rukia, nikaibe majani yangu?"

Mama akasema, "Ndiyo."

Wakatazamana. Halafu Mama akaanza kucheka, na Baba pia, na mimi nilisimama kando na mwavuli. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akicheka tangu mlima ushuke. Lakini hakwenda kuiba. Baba hawezi.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mfungo umeanza. Hakuna mvua leo. Jua lilitoka, na udongo wa kitivoni umeanza kupasuka juu juu.

Jumatatu, 5 Januari

Mwalimu Elinuru alikuja nyumbani. Alisema shule inafunguliwa wiki ijayo na jina langu liko kwenye orodha ya kidato cha pili mpaka mtu alifute. Halafu alimwambia Mama kwamba siku ya wageni alipaswa kutafsiri maneno yake mwenyewe, siyo ya Mwenyekiti. Mama akamwambia, "Mwalimu, hata ungesema, yule mgeni angetufanyia nini?" Mimi nafikiri yule mgeni angekuwa na la kusema kwenye mkutano wao unaofuata, wapi sijui.

Alipoondoka niliuliza kwa nini gwatemala haipatikani Lushoto mjini au Mombo. Baba akasema aliuliza huko kote. Kila mwenye ng'ombe ameishika yake.

Jumanne, 6 Januari

Barabara imefunguliwa. Mzee Anselm anashuka kesho mpaka Muheza kumwona ndugu yake, na atakuletea daftari hili. Atarudi Jumamosi. Amesema akirudi anaweza kubeba magunia mawili, na Klara amesema atamkumbusha. Baba hajui kama nakuandikia hili. Nimeahidi kila kitu, basi hata hilo ulijue.

Nimekwenda leo kwenye kingo ya chini, pale lilipokuwa banda. Nimeipima kwa kamba. Nimesafisha mahali pa kupandia na kuchimba vishimo, mstari mmoja, ili tusipoteze muda.

Dada, unijibu kwa mkono wa Mzee Anselm, hata kwa neno moja. Yale mashina uliyobeba kwenye kikapu yalishika huko kwenu?